Lebo ya nguo za kike Nairobi: anza na gauni moja, lirudie

Kila Novemba mitandao hujaa lebo mpya za Nairobi. Picha zimepigwa vizuri, jina limechaguliwa kwa makini, na nyuma yake kuna mitindo kumi au kumi na miwili iliyoshonwa kwa akiba ya chama au mkopo wa simu. Ikifika Pasaka, nyingi zimenyamaza. Ukifuatilia, mara chache utakuta mitindo yenyewe ilikuwa mibaya. Mteja alinunua gauni la kijani saizi 14, mwenzake kazini akalitaka kwa saizi 18, na mambo yakakwama hapo: kitambaa kimekwisha Islii (Eastleigh), fundi amehama, na vipimo vya gauni lile vilikuwa kichwani mwake.

Kwa hivyo mwongozo huu unafuata swali moja kuanzia juu hadi chini: je, mwezi ujao nitaweza kuishona nguo hii tena, ikamkaa mtu mwingine vilevile? Nairobi swali hilo lina uzito kwa sababu ya mitumba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata Kenya ikajitoa, ikihofia kupoteza soko la Marekani chini ya AGOA, mpango wa kuuza bidhaa huko bila ushuru. Usiweke mipango yako ukisubiri soko la mitumba la Gikomba lifungwe, wala usijaribu kushindana na bei za soko la Toi. Lakini blauzi ya mtumba ni moja tu. Ikikubana, hakuna ya pili. Dada yako akiipenda, hana pa kuitafuta. Nafasi yako iko hapo.

Mtaji wa laki moja unatosha kuanza hivi. Laki tano mkononi mara nyingi ni hatari zaidi, kwa sababu zinakushawishi ukate mitindo mingi kabla hujajua hata mmoja unavyomkaa mtu.

Mjue mwanamke kabla ya mtindo

Usianze na michoro. Anza na mwanamke unayemfahamu kweli: anaishi wapi, anatoka nyumbani saa ngapi, anakaa ofisi gani, Jumapili anaenda wapi. Chukua mama wa miaka thelathini na kitu anayepanda matatu Rongai saa kumi na mbili asubuhi kwenda Upper Hill. Julai anatetemeka asubuhi na saa saba mchana jua limetoka. Anahitaji mfuko wa kutia simu usiomfanya aonekane ana nyonga ya tatu. Hataki mkono unaoacha wazi sehemu ya juu ya mkono wake. Magauni ya dukani yakimtosha nyonga, kiunoni yanapwaya. Yakimkaa kiunoni, hayapiti nyonga. Akinyonyesha, hana kabisa gauni la ofisini.

Sasa mpime, kisha uwapime wengine kama ishirini wanaofanana naye kimaisha: wa kanisani, wa chama, majirani. Andika kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, mzunguko wa mkono wa juu, urefu kutoka bega hadi kiuno na kutoka kiuno hadi goti. Vipimo hivyo ni mali kuliko jina la lebo. Jedwali la saizi utakalolipata kwenye intaneti limetengenezwa kwa miili ya watu wengine, na tofauti kati ya kiuno na nyonga ndiyo huonyesha hilo mapema zaidi. Uliza pia ni nguo gani waliyonayo wanayoivaa hadi inachakaa, na kwa nini. Jibu la swali hilo hukupa gauni lako la kwanza bila kuhangaika.

Ukitaka mfano wa lebo iliyomsikiliza mvaaji, iangalie Vivo. Wandia Gichuru na mwenzake waliianzisha Nairobi mwaka 2011 kwa nguo za mazoezi na densi. Leo inajulikana kwa nguo za kila siku za mwanamke wa kazi, na maduka yake yamevuka mipaka ya Kenya. KikoRomeo, iliyoanzishwa na Ann McCreath mwaka 1996, imekwenda njia nyingine kabisa, ya vitu vichache vyenye kazi nyingi ya mkono, na sasa inaongozwa na bintiye, Iona. Lebo hizo mbili hazifanani kwa bei wala kwa sura. Kila moja inamjua mtu wake.

Gauni moja na pateni yake

Chagua nguo moja. Najua inauma, hasa kama daftari lako la michoro limejaa. Gauni la kukata wima lenye mifuko na mkono wa robo tatu, au blauzi, au suruali pana. Chagua ile unayoweza kuieleza kwa sentensi moja. Suruali ningekushauri uiache kwa sasa, kwa sababu kuikalisha vizuri ni kazi ya miezi.

Pateni, yaani zile karatasi za kukatia, itengenezwe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Wako mafundi hodari wanaokata kwa chaki moja kwa moja kwenye kitambaa, na wakikushonea nguo moja utafurahi. Ila nguo hiyo haitarudi kama ilivyokuwa, maana hata wao hawajui walichokifanya. Kama humjui mkata pateni, waulizie waliohitimu kozi za mitindo Kenyatta University au Evelyn College of Design. Wengi hufanya kazi za kando. Mkubaliane kwa maandishi kwamba pateni ni yako na karatasi utaondoka nazo.

Sampuli ya kwanza ishonwe kwa marekani, ile pamba nyeupe ya bei nafuu, usianze na kitambaa chenyewe. Mvalishe mwanamke wako wa saizi 14, si mwanamitindo, kisha mwambie afanye mambo haya: akae kwenye kiti cha chini kama kile cha nyuma ya matatu, anyooshe mkono kama anashika chuma cha juu, ainame kuokota mtoto, apande ngazi. Wewe angalia. Mkono ukipanda, gauni zima linapanda nao? Basi tundu la mkono limekatwa chini mno. Kinyume na watu wanavyodhani, kulipandisha karibu na kwapa ndiko humpa mtu uhuru. Akikaa, mshono wa nyonga unavutika na kutengeneza mikunjo ya kulala? Nyonga imebana. Vifungo vya kifuani vinaachama? Kifungo kimoja lazima kikae sawasawa na ncha ya kifua, vingine vipangwe kutoka hapo kwenda juu na chini. Kwa kitambaa kisichovutika, acha nafasi ya sentimita 8 hivi juu ya kipimo cha kifua na 5 au zaidi juu ya nyonga.

Rekebisha pateni, shona sampuli ya pili, mvalishe tena. Ikibidi, ya tatu. Hii ndiyo sehemu ambayo lebo nyingi huiruka, na huonekana: nguo nzuri kwenye picha ambayo mwenye kuivaa anaivuta chini kutwa nzima.

Kisha saizi. Ukikua kutoka 14 kwenda 16, mzunguko wa kifua, kiuno na nyonga huongezeka kwa karibu sentimita 5 kila mmoja, lakini mabega yote mawili kwa pamoja huongezeka kwa sentimita moja hivi tu, na shingo karibu haiongezeki. Mafundi wengi huongeza kila upande sawa. Matokeo yake ni gauni la saizi 20 ambalo shingo yake inaanguka begani, na mwanamke mnene anabaki kuamini mwili wake ndio wenye kasoro. Mvalishe mtu halisi saizi ndogo na kubwa utakazouza, si ile ya katikati peke yake. Saizi tano zinatosha mwanzoni.

Pateni ikikubalika, ihamishie kwenye kadibodi ngumu. Kila kipande kiandikwe jina la gauni, saizi, tarehe, idadi ya kukata na mshale wa uelekeo wa uzi. Toboa tundu, tundika ukutani.

Kitambaa: usipende kitu usichoweza kukipata tena

Islii ndiko wengi wetu huanzia, kwenye maduka ya jumla yenye majora hadi dari. Biashara Street ni mahali pa vitenge, kanga na vikoi, na huduma yake ni tulivu zaidi. Gikomba kuna mabaki ya viwandani, mengine ya hali ya juu sana kwa bei ya kuchekesha. Pote huko, kabla hujauliza bei, uliza hivi:

"Hii itarudi?"

"Dada, chukua sasa. Kontena ikiisha, imeisha."

Jibu hilo ni la kweli na limeua lebo nyingi. Kitambaa cha maua kilichokuja na kontena moja ni kizuri kwa toleo dogo: nunua jora zima, mwambie mteja wazi kwamba ni magauni kumi na tano na hayatarudiwa. Lakini uti wa mgongo wa lebo yako uwe kitambaa cha rangi moja ambacho maduka matatu tofauti wanacho mwaka mzima: pamba nzito, krepu, viskosi, mchanganyiko wa kitani. Maua yapite, hicho kibaki. Tembelea duka lilelile miezi miwili mfululizo kabla hujaamua. Kama rangi ya kijani kibichi ipo mara zote mbili, unaanza kuwa na jibu.

Kuna pia viwanda vya hapa. Rivatex ya Eldoret, ambayo Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, na Thika Cloth Mills, vyote hutengeneza vitambaa vya pamba. Piga simu uulize kiasi cha chini wanachouza. Hata kama leo ni kingi kwako, wabunifu watatu wakichangia jora moja huwa halitishi.

Usiamini neno "pamba" mdomoni mwa muuzaji. Omba kipande cha ukucha mmoja, chomoa nyuzi chache za urefu na za upana, uzichome kwa kiberiti ukiwa nje. Pamba na viskosi huwaka haraka kama karatasi, harufu ni ya karatasi, na jivu ni laini linalopeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu usichoweza kukiponda kwa vidole. Hariri na sufi hunuka nywele zilizoungua. Mchanganyiko hufanya yote mawili: unawaka, kisha unaacha punje ngumu ndani ya jivu. Poliesta si dhambi, haikunjamani ovyo na mama wa matatu anaipenda kwa hilo, ila lazima ujue unachouza, maana utakiandika kwenye lebo ya ndani.

Ukiwa dukani toa kitambaa hadi mlangoni ukione kwa mwanga wa jua. Taa za dukani zinadanganya, hasa kwa nyeusi na bluu ya usiku. Sugua rangi kwa leso nyeupe iliyoloweshwa. Pima upana kwa tepu yako mwenyewe: kitenge kingi ni inchi 45 hivi, vitambaa vya nguo za ofisini mara nyingi ni 58 au 60, na gauni linalohitaji mita mbili na nusu kwenye kimoja linaweza kutoka kwa mita mbili kwenye kingine.

Nyumbani, kata mraba wa sentimita 50 kwa 50. Ufue kama mteja atakavyofua, si kama unavyotamani afue, uanike, uupige pasi, upime. Ukirudi na 48, umepungua asilimia 4, na gauni la sentimita 110 litapanda kwa zaidi ya sentimita nne baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Dawa ni kufua jora lote kabla ya kukata. Ni kazi ya kuudhi, inajaza kamba za ploti nzima, na hakuna njia ya mkato. Mwisho, usikate gauni moja kutoka majora mawili hata kama muuzaji ameapa rangi ni moja. Jua la saa sita litamuumbua.

Fundi

Fundi akisema Ijumaa, hajasema Ijumaa gani. Tumecheka sana na utani huu Nairobi, lakini ukikaa naye kibandani utaona sababu. Anapokea arubuni ya kazi yako, anailipia kodi, kisha inambidi achukue kazi nyingine ili apate ya chakula. Mteja anayepiga kelele zaidi ndiye anayeshonewa kwanza. Ukitaka Ijumaa iwe Ijumaa, mpe kazi ya uhakika, kidogo kila wiki, na umlipe siku anayokabidhi. Magauni matano kila wiki kwa mwezi ni bora kwake kuliko ishirini kwa mpigo na kimya cha miezi miwili.

Mtafute ambaye amezoea kurudia. Mafundi wa Uhuru Market na Jericho wanashona nguo zinazofanana kwa wingi kila siku, na mkono uliozoea hivyo unajua kuweka mshono mahali palepale mara hamsini. Yule anayeshona magauni ya harusi, mojamoja, anaweza kuwa msanii zaidi lakini atachoka na gauni lako la sita. Kabla ya kumpa kazi, mwombe akuonyeshe upande wa ndani wa nguo aliyoshona. Nyuzi zinazoning'inia, ovaloki iliyolegea, pindo lililopinda: yote yako ndani.

Mpe vitu viwili. Kwanza sampuli iliyokubalika, iliyowekwa alama kwamba haiuzwi. Pili, kadi ya gauni, ukurasa mmoja tu: mchoro wa mbele na nyuma, vipimo vya nguo iliyokwisha kushonwa kwa kila saizi, mshono wa sentimita 1.5, hatua za mshono 10 hadi 12 kwa inchi, vilini (kitambaa cha ndani cha kukazia) inakaa wapi, bitana inaishia wapi, pindo la sentimita 3, lebo inashonwa wapi, na kipande cha kitambaa kilichobanwa juu yake. Andika pia kosa linalovumilika. Sentimita moja kwenye nyonga inapita. Tatu, nguo inarudi.

Kata wewe mwenyewe, au mlipe mkataji mmoja akate zote kwa siku moja ukiwepo. Makosa ya kushona hufumuliwa. Ya mkasi hayafumuliki.

Nguo zikirudi, zipime zote, si moja kati ya tano. Ukikuta kasoro, zungumza na fundi pembeni, si mbele ya wenzake wa kibanda, na kama kosa lilikuwa kwenye kadi yako, lipia marekebisho. Habari za wateja wanaolipa vizuri husafiri haraka kwenye soko la mafundi, na za wasiolipa husafiri haraka zaidi.

Hesabu kwa gauni moja

Hizi ni tarakimu za mfano, weka zako. Chukulia unashona magauni 20. Kwa kila moja, kitambaa mita 2.5 kwa shilingi 550 ni 1,375. Bitana 200. Zipu, uzi na vilini 150. Kukata na kushona 900. Lebo, kadi na mfuko 90. Usafiri wa kununua vifaa, 1,500 kwa jumla, ni 75 kwa gauni. Tumefika 2,790, na wengi hapa ndipo hufunga daftari, wakaongeza mia tano wakasema ni faida.

Endelea. Picha, data, umeme, sehemu ya kodi ya chumba unachofanyia kazi, sampuli ulizoshona: tuseme 12,000 kwa toleo hili, sawa na 600 kwa gauni. Sasa ni 3,390. Kisha ukubali kwamba magauni mawili hayatauzika kwa bei kamili. Moja lina doa, jingine ni saizi iliyokosa mtu. Shilingi 67,800 ulizotumia zinarudishwa na magauni 18, yaani karibu 3,767 kila moja.

Ukiuza kwa 6,500, unabaki na 2,733 kwa gauni. Ndani ya pesa hiyo mna mshahara wako na mtaji wa toleo linalofuata. Sasa jaribu mambo mawili. Mtu akuombe punguzo la asilimia 20: unabaki na 1,433, karibu nusu ya kilichokuwa chako imekwenda kwa neno moja. Duka lichukue nguo zako kwa makubaliano ya kukata asilimia 35: unabaki na 458. Kwa bei hiyo duka si mteja wako bado, hata liwe Westlands na lina kioo cha kupendeza. Ama upunguze gharama, ama upandishe bei, ama uuze mwenyewe.

Gawa saizi kwa kufuata vipimo ulivyochukua. Kwa 20, mgawo kama 2 za saizi 10, 4 za 12, 6 za 14, 5 za 16 na 3 za 18 una akili zaidi kuliko nne kwa kila saizi.

Jina na serikali, kwa ufupi

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ni kazi ya siku chache. Wengi hudhani hapo jina limelindwa. Halijalindwa, usajili huo hukuwezesha kufungua akaunti na kufanya biashara. Ulinzi wa alama ya biashara unatolewa na KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, Popo Road karibu na South C: unaomba utafutaji kwanza, yaani kuangalia kama jina limeshachukuliwa, kisha unaomba usajili katika daraja la 25, ambalo ndilo la mavazi. Ombi huchapishwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na alama iliyosajiliwa hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Fanya utafutaji kabla hujafuma lebo elfu moja. Usajili wenyewe unaweza kusubiri toleo la pili.

KRA, mamlaka ya mapato: mauzo ya mwaka yakizidi milioni moja hadi milioni 25, kodi ya mauzo ni asilimia 3 kwa mujibu wa sheria ya fedha ya 2023, hulipwa kila mwezi. Magauni 18 kwa mwezi ya 6,500 yanakuvusha mstari huo, kwa hivyo weka shilingi 195 pembeni kwa kila gauni tangu siku ya kwanza. Jisajili pia eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, kwa sababu mteja wa kampuni atakuomba risiti yake.

Kuuza zile ishirini

Tumia namba ya Till au Pochi la Biashara, njia za M-Pesa za kupokea malipo ya biashara, na usichanganye na M-Pesa yako ya nyumbani. Pesa za unga na pesa za jora zikikaa mfuko mmoja, unga hushinda.

Piga picha kwa wanawake wawili wa saizi tofauti, mwanga wa asubuhi, mbele, nyuma na ubavuni, na video fupi akitembea. Andika urefu wao na saizi waliyovaa. Andika vipimo vya nguo yenyewe kwa sentimita. Na andika bei. Hii tabia ya kumwambia kila mtu aje inboksi humchosha mteja mwenye pesa na humleta yule wa kupoteza muda.

Agizo la mapema lenye malipo ya nusu ni sawa ikiwa kitambaa tayari unacho mikononi. Kama bado kiko Islii, usipokee shilingi ya mtu.

Sheria ya kubadilisha nguo iwe moja na iwe wazi: siku saba, haijavaliwa, usafiri wa kurudisha analipa nani. Wa ndani ya jiji watumie rider, wa mikoani tuma kwa shuttle au kampuni ya vifurushi, na piga picha kifurushi kabla hakijatoka.

Kalenda ya Nairobi si ya majira manne ya Ulaya. Januari ni karo, usizindue chochote. Aprili, Agosti na Desemba kuna harusi. Kuanzia Juni mwishoni hadi Agosti watu wanataka mikono mirefu na bitana. Mauzo hupanda mwisho wa mwezi, basi nguo ziwe tayari tarehe 25, si tarehe 3. Ukitaka kugusana na wateja ana kwa ana, soko la wazi la Jumapili au maonyesho ya Bizarre Bazaar kabla ya Krismasi yatakufundisha kuliko miezi ya kupokea meseji. Utaona mkono unaenda kwenye nguo ipi kwanza, na nguo ipi inarudishwa kwenye hanga baada ya kujaribiwa.

Weka daftari: nani alinunua, saizi gani, alirudisha kwa nini, aliuliza nini ambacho huna. Watu wanne wakisema mkono umebana, pateni inashuka ukutani.

Toleo la pili, na baada yake

Likiuzika, shona gauni lilelile. Badilisha rangi, rekebisha kitu kimoja au viwili vilivyoko kwenye daftari, basi. Nguo ya pili itoke kwenye pateni ya kwanza: ikate kiunoni iwe blauzi, irefushe hadi kifundo, ongeza kola. Kifua na mabega tayari unajua vinakaa, na mteja wa saizi 16 ataagiza bila kujaribu.

Toleo likikataa kuuzika kwa bei kamili mara mbili mfululizo, liache. Uza yaliyobaki kwa waliokwisha kununua kwako, kimya, usitangaze punguzo kwa dunia nzima.

Kuhusu duka: stoli za katikati ya jiji huja na gudwili, yaani ada ya kupewa nafasi, na kodi ya miezi kadhaa kabla hujauza sindano. Kodisha kwanza reli moja ya hanga ndani ya duka la mtu kwa ada ya kila mwezi badala ya asilimia. Ukiona reli hiyo inalipa kodi yake kwa miezi sita, ikiwemo Januari, tafuta mlango wako.

Fundi wa kudumu ndiye gharama ya mwisho kuongeza. Ukimwajiri, mkataba uwe wa maandishi. Utamkatia SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara, mchango wa nyumba asilimia 1.5 na wewe kuongeza 1.5 nyingine, pamoja na NSSF, akiba ya uzeeni, ambayo mwajiri huchangia pia. Piga hesabu ya mshahara huo wote kwenye bei ya gauni, si pembeni, na uwe na wa miezi mitatu benki kabla hujamwambia aache kibanda chake.